Daktari wa Meno wa Yanagawa

Fukuoka, 24 Aprili 1973

Dada Kinuyo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, maana najua ukifika katikati ya barua hii utaitupa chini. Huku maua ya mcheri yameshapukutika na kubaki matope ya waridi barabarani. Huko Hakodate najua bado mnaota moto. Shemeji Shigezo hajambo? Ngisi wakavu mliotuma tumewala wote, na Yasuo alikula mpaka vichwa. Mume wangu huyu analalamika tumbo na bado anakula. Chiho wangu ameanza chekechea, na wiki ya kwanza tu akamng'ata mtoto wa fundi saa. Mama aliniambia zamani kwamba wewe nawe ulikuwa unang'ata watu, kwa hiyo sijui nimpeleke kwa nani nikamshtaki.

Mama nimemwashia ubani leo asubuhi, nikamwekea na chai. Tangu siku zake arobaini na tisa za matanga zimalizike nyumba imekuwa na ukimya wa ajabu. Nimemwambia nilikokwenda Jumapili. Sasa nakuambia wewe.

Tulikwenda Yanagawa. Haya, itupe barua, halafu iokote.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa, na Mama alikataa maisha yake yote. Nina miaka thelathini na nne, Dada. Nimezaliwa mji ambao kwa treni hata boksi la chakula hulimalizi, umeshafika, na sijauona tangu nilipotolewa pale mgongoni mwa Mama nikiwa na miaka mitatu. Watu wanatoka Tokyo kuja kuitazama mifereji yetu, mimi naitazama kwenye kalenda ya duka la mchele! Nikasema hapana, asubuhi tunakwenda, jioni tunarudi, nani atakufa?

Chiho alipiga magoti kwenye kiti cha treni njia nzima akihesabu ng'ombe, mpaka ng'ombe wakaisha akaanza kuhesabu wazee. Tukala samaki mkunga wa mvuke juu ya wali, tukapanda mtumbwi. Maji yenyewe, nisikudanganye, yamejaa magugu na makopo, kijani kibichi, hayaendi wala hayarudi. Mpiga pondo wetu ni mzee mmoja anaitwa Tomekichi, anaimba vibaya kuliko Yasuo akiwa bafuni. Kila tukifika darajani anapiga kelele, "Inameni! Vichwa havina vipuri!" Chiho akacheka mpaka akapata kwikwi.

Nilikuwa na ile picha moja ya nyumbani, yenye ghala la ukuta mweupe na mwerebi uliopinda. Tukaliona ghala. Nyumba imefungwa mbao madirishani, na ngazi za mawe zinateremka kutoka uani mpaka majini, na nyingine zinaendelea chini ya maji usikoziona. Kwenye nguzo ya ngazi pametundikwa vikombe viwili vya mwanzi kwa kamba ya mabua ya mpunga, kimoja juu, kimoja chini. Vikavu. Kamba imeshakuwa nyeusi kwa mvua.

"Babu, hivi ni vya nini?" Chiho akauliza.

"Hongo, mjukuu wangu. Kila mwaka, kabla mpunga haujapandikizwa, mama humtundikia kila mtoto wake kikombe cha sake. Maji yanakunywa, yanalewa, yanamsahau mtoto. Maana siku malango yanapofunguliwa maji yaingie mashambani, ndiyo siku yanayohesabu watu wake."

"Na mtoto akijitundikia mwenyewe?"

"Ukija mwenyewe, hongo ya nini tena? Si umeshafika?"

Nikamwambia, Mzee, nyumba hii haina mtu, nani katundika? Akasema hajui, nyumba ni tupu tangu wakati wa vita. Tena mtoto akishakua, watu huacha. "Wasioacha ni wale wenye mtu aliyechukuliwa na maji akarudishwa," akasema. "Huyo ni wa kuazimwa. Anatundikiwa mpaka azeeke. Na haambiwi, mama, kamwe. Ukimwambia mtu kwamba ni wa kuazimwa, ataanza kufikiria kurudi." Kisha akacheka, akapiga pondo. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, mkono wangu majini. Njia nzima nilikuwa nimeuweka majini, sijui kwa nini, ulinistarehesha tu. Mpaka leo haujapata joto. Yasuo anasema nimemletea samaki kitandani.

Kwenye treni ya kurudi ndipo nikagundua binti yako amebeba kikombe kimoja ndani ya nguo. Mwizi kama huyo! Nikamgombeza, lakini treni hairudi nyuma kwa ajili ya mwanzi mmoja. Sasa ni kichezeo chake. Anakijaza maji, nadhani, kwa sababu kila asubuhi nakikuta kimejaa.

Niandikie. Nitukane ukipenda, lakini andika.

Mdogo wako,
Itsuko


Hakodate, 5 Mei 1973

Itsuko,

Barua yako imefika wakati Shigezo yuko hospitali. Alipanda juu ya paa kuondoa barafu ya mwisho, nikamwambia shuka, akasema ninajua ninachofanya. Alishuka, kwa njia fupi. Mguu umevunjika mahali pawili, umefungwa plasta mpaka nyongani. Nilikuwa na safari yangu ya huko kusini mwisho wa mwezi huu, nilishanunua hata viatu. Safari imekufa. Mimi ndiye ninayembeba kwenda chooni, na mwanamume yule ana uzito wa gunia la mchele lililolowa.

Nani alikutuma Yanagawa? Nakuuliza kama dada yako. Mama hajamaliza hata miezi minne, tayari umevunja neno lake, kisha unaniandikia vichekesho vya daraja.

Kirudishe hicho kikombe. Usingoje wiki ipite.

Na nijibu jambo moja tu. Mtoto alichukua cha juu au cha chini?

Kinuyo


Fukuoka, 14 Mei 1973

Dada,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta salamu, nikakuta mguu wa shemeji tu. Pole yake, na pole yako wewe unayembeba. Nimekutumia chai mpya na dawa ya kuchua ambayo Mama alikuwa akiitumia. Huku mvua imeanza mapema. Kila kitu kinanuka unyevu, hata sukari.

Cha chini. Mbona unauliza? Cha juu kingekuwa na nini?

Unaniamrisha kama bado nina miaka mitatu. Nitakirudisha nikiambiwa sababu. Sisi ni watu wawili tu tuliobaki, Kinuyo, na nimechoka kuzungukwa. Mama alinizunguka, sasa wewe. Mkiwa pamoja mlikuwa mnanyamaza nikiingia chumbani. Mlidhani sioni?

Sasa nikueleze, na usicheke. Kile kikombe nilikimwaga, nikakifuta, nikakiweka juu chini kwenye kabati la Mama, karibu na ubani. Asubuhi kimesimama wima, kimejaa mpaka mdomoni, na maji hayo yananuka magugu. Nikamwita Chiho. Akakana. Nikamchapa kidogo, akalia, akaniambia, "Siyo mimi, Mama. Ni wewe." Ati ananiona nikitoka uani kwenye bomba, nimekibeba kwa mikono miwili, sisemi na mtu. Mtoto ana miaka mitano, anatunga uongo wa mtu mzima!

Lakini juzi nilitoka kwenda kununua tofu. Mchana kweupe, jua kali, bakuli mkononi. Jambo la pili ninalolikumbuka ni muuza tofu anapiga kelele nyuma yangu, "Bibi! Bibi Itsuko! Duka liko huku!" Nikatazama. Nilikuwa kwenye kingo ya mto. Viatu vyangu nimevivua, nimevipanga pamoja vizuri kabisa, ncha zinatazama maji. Unajua ni watu gani wanaovua viatu namna ile kabla ya kujitosa. Nilicheka, nikamwambia yule baba miguu ilikuwa inawaka moto. Sijamwambia Yasuo. Nadhani ni msiba, Dada. Watu husema msiba unachelewa kuingia mwilini.

Ninayemwogopea ni Chiho. Amekuwa ananifuata kila mahali ameshika nguo yangu. Hata chooni anangoja mlangoni.

Na jingine. Jana nilikuwa napanga vitu vya Mama, nikakumbuka safari zake kwa daktari wa meno. Unakumbuka? Kila mwaka mwisho wa mwezi wa tano, asubuhi na mapema, amevaa kimono ya kijivu, kifurushi mkononi, anakwenda kwa daktari wa meno, anarudi jioni amechoka. Nikimwambia nikusindikize anakuwa mkali kama pilipili. Sasa niambie wewe mkubwa: Mama alivaa meno ya bandia, juu na chini, tangu mimi niko darasa la nne. Daktari wa meno wa nini?

Jibu. Safari hii jibu kweli.

Itsuko


Hakodate, 21 Mei 1973

Mdogo wangu,

Chai imefika, asante. Dawa ya kuchua inanuka kama Mama, nikaifunga haraka. Shigezo anaendelea, anatukana plasta kutwa.

Nilikosea. Nilikuambia ukirudishe. Usikirudishe wewe. Usipande treni hiyo kwa sababu yoyote, hata ukisikia nimekufa huko. Hicho kikombe usikiguse, mpe Yasuo akifungie kazini kwake. Mwambie akaze bomba la uani kwa koleo. Maji ya kuoga yasilale kwenye beseni, na usioge bila mtu ndani ya nyumba. Mtoni usiende. Tofu si chakula cha lazima.

Unataka sababu. Mama alikuwa mbishi kuliko mimi na wewe tukiunganishwa, na miaka yote ile hakuwahi kukuambia. Ulidhani hakupendi? Alipokuwa anakata roho alinishika mkono akaongea jambo moja, na kucha zake zilibaki kwenye ngozi yangu mpaka nilipofika huku. Nikikuambia, nitakuwa nimekusukuma kwa mikono yangu. Kwa hiyo nichukie, ni sawa. Mtu anaweza kuchukiwa na mdogo wake na bado akala.

Magazeti ya huko yanasema mpunga utapandikizwa lini mwaka huu? Niandikie hilo tu.

Nguo yako, mwache Chiho aishike.

Kinuyo


Fukuoka, 30 Mei 1973

Dada Kinuyo,

Natumaini mguu wa shemeji unaunga. Yasuo anakusalimu. Nimemwambia yote, mtu wa watu, akanisikiliza bila kula chochote. Kikombe alikifungia kabatini ofisini kwao. Siku iliyofuata wakamwita, wakamwambia kabati linavuja.

Samahani kwa wino kutawanyika. Chumba ni kikavu, dirisha liko wazi. Ni pale mkono wangu unapolala kwenye karatasi.

Jumamosi nilikwenda na Chiho kununua uzi. Duka la uzi liko upande wa sokoni, na stesheni iko upande mwingine kabisa. Tulifika stesheni. Nilikuwa najiona, Dada, kama unavyomwona mtu mwingine ng'ambo ya barabara, na nilikuwa na furaha kubwa, hiyo ndiyo sehemu mbaya. Nikazungumza vizuri na mkata tiketi. Nikampita Chiho kana kwamba simjui. Treni ya Yanagawa ikaingia, milango ikafunguka, nikainua mguu.

Mtoto wako akaning'ata. Hakuning'ata kimchezo. Alizamisha meno kwenye mkono, ule ule uliokuwa majini, mpaka damu ikatoka, akaning'inia hapo kama mbwa huku watu wanashangaa. Damu ilikuwa ya moto. Nikaihisi, nikajua niko wapi, nikakaa chini palepale na kulia. Treni ikaondoka. Chiho alikuwa anapiga mayowe, "Huendi! Huendi! Kesho una kazi!" Sijui alimaanisha kazi gani.

Nilipofungua ngumi nikaona tiketi. Ya mtu mzima mmoja, ya kwenda tu. Ya kurudi sikukata. Na ya mtoto sikukata.

Hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kufa watu wote wanakufa, lakini mimi nilimsahau mwanangu akiwa ananishika.

Sitakuuliza kitu tena. Yule mzee wa pondo alisema maneno mtumbwini nikacheka nayo, na sasa nimekaa nayo, pamoja na meno ya bandia ya Mama, nimejijibu mwenyewe. Alisema kweli pia kwamba anayejua anaanza kufikiria kurudi. Tangu nijue ni rahisi zaidi kwenda. Ninakuandikia na sikio langu moja linasikiliza bomba.

Mpunga: redio imesema malango ya kule Yanagawa yatafunguliwa katikati ya mwezi ujao.

Njoo, Dada. Najua mguu wa shemeji. Njoo hivyo hivyo.

Itsuko


Hakodate, 2 Julai 1973

Itsuko,

Nimefika salama. Bahari ilinitikisa, nikatapika kwa heshima upande usio na watu. Shigezo, niliyemwacha nikidhani nitamkuta amekauka kama ngisi, nimemkuta amenenepa. Mke wa jirani alikuwa anampikia. Nimemshukuru, na nimechukia.

Sikukuaga sawasawa. Asubuhi ile tuliyoondoka kwenda Yanagawa, mimi na Chiho, ulikuwa umelala kwenye kiti, Yasuo amekushika mkono kama askari, nikaona nisikuamshe. Sasa nikuandikie ya safari, kwa kadiri inavyoandikika.

Kwenye treni Chiho alikula mayai yangu yote ya kuchemsha. Kile kikombe nilikifunga kwenye kitambaa cha Mama, nikakipakata, na mapaja yangu yakalowa mpaka watu wakahamia behewa jingine. Wamedhani mama mzima nimejikojolea. Nikawaacha wadhani.

Stesheni ya Yanagawa watu walikuwa wanazungumza malango tu, kwamba yanafunguliwa mchana huo. Nikakimbia, mimi na mwili huu. Tomekichi alikuwa gatini. Alimtazama mtoto, akakitazama kitambaa, akawashusha watalii wake waliokwisha kaa, akatuambia pandeni. Hakuimba.

Maji yalikuwa yamepanda ngazi yetu mpaka karibu na nguzo. Mvua haikuwa imenyesha siku tatu. Cha juu kilikuwepo bado, nikakitungua. Tomekichi alikata mianzi mipya kwa kisu chake, Chiho akasokota kamba ya mabua nilivyomwonyesha, na vidole vyake vina akili kuliko vyangu. Kisha nikakimwaga kile alichoiba. Kilimwagika, Itsuko. Kikaendelea kumwagika. Kikombe cha kuenea kiganjani, na nilisimama nacho mpaka mkono ukaanza kuuma. Kilipokwisha kilikuwa chepesi na kikavu kana kwamba hakijawahi kuona maji. Nikakiachia kikaenda zake.

Chako nilikitundika mimi. Changu alikitundika Chiho, kwa sababu mtu hajitundikii. Sake nilimwaga ile nzuri, ya Shigezo, ya arusi ya mpwa wake. Akijua atavunja mguu wa pili.

Wakati nafunga fundo nikamwona Chiho amechuchumaa ngazi ya mwisho, anapunga mkono kwenye maji. Nikamuuliza unampungia nani. Akanijibu. Jibu lake silitii kwenye karatasi, na wewe usimuulize. Nilimbeba begani nikapanda naye juu bila kutazama nyuma, na nilisikia malango yakifunguliwa kule mbali, sauti kama ng'ombe wengi wanaamka.

Vilikuwa viwili, tumerudisha viwili. Mkunga hatukula. Tulikata tiketi za kurudi kabla hatujatoka stesheni, kama alivyokuwa akifanya mtu mwingine tunayemjua.

Mkono wako unaendeleaje?

Dada yako,
Kinuyo


Fukuoka, 4 Juni 1974

Dada yangu Kinuyo,

Barua hii itakukuta umekwisha fika, kama bahari imekuwa na adabu. Salamu kwa shemeji, mwambie nimemtumia sake ya kufidia ile ya arusi, na hapaswi kuuliza ilikwenda wapi. Yasuo hajambo. Tumbo, kama kawaida. Mkono wangu una joto mwaka mzima sasa, umebaki na kovu la meno madogo, na nikiwa na wasiwasi nalipapasa. Naoga kwa maji kidogo. Tofu ananiletea muuza tofu mwenyewe.

Mwaka jana nilisema sitakuuliza tena, na sikuulizi. Nakuambia tu nilichokipata peke yangu. Nilikuwa nasumbuka: kama kuna mmoja tu wa kutundikiwa, kwa nini vikombe viwili? Wewe maji hayajakugusa hata siku moja. Nilikuwa nakunja nguo, zako ulizosahau pamoja na zangu, ndipo nikaelewa. Ni ili yakija kudai chao yasijue ni yupi. Mama alikutundika pamoja nami kwenye kamba moja. Ulikuwa na miaka kumi, na nina hakika alikuuliza, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kumwekea mtoto rehani bila kumwuliza. Ukakubali. Halafu ukaolewa mbali kuliko watu wote, ukaacha nikuone mkavu wa moyo. Mimi niliyekuita mkavu! Nimelia mpaka Yasuo akaja mbio akidhani ni bomba. Sikudai unijibu hili. Nimetaka tu ujue kwamba najua, na kwamba nakupenda, na kwamba wewe ni mbishi mshenzi.

Sasa nikuambie upande wangu wa juzi, ambao hukuuona.

Jioni ile ulipofika, Chiho alikuja kwangu jikoni amejikaza kama mwalimu mkuu. "Mama, kesho Mama Mkubwa ananipeleka kwa daktari wa meno. Wewe usije." Nikamtazama. Ameng'oka meno ya mbele yote mawili, ukimwona akicheka ni mlango usio na ubao. Daktari wa meno wa nini! Nani alimfundisha neno hilo? Mimi sijamsimulia. Wewe, nakujua, hukumsimulia. Nikamwambia, "Haya. Umsalimie daktari." Nikageuka kuosha mchele ili asinione uso.

Asubuhi niliwafungia mayai ya kuchemsha, mengi, na chupa ya sake nikaiweka chini kabisa ya kifurushi. Ulijifanya hukuona. Nilisimama mlangoni mpaka mkapinda kona, yeye mbele, wewe nyuma unahema.

Kisha nikakaa sebuleni. Yasuo alitaka kubaki, nikamfukuza aende kazini. Nilitaka kujua. Bomba la uani lilikuwa limekazwa kwa koleo, na bado likaanza kudondoka. Tone, halafu tone. Baadaye jikoni. Baadaye ndani ya ukuta nyuma ya kabati la Mama, ambako hakuna bomba. Mkeka ukawa baridi chini ya miguu yangu. Ile furaha ikaja, Dada, ile ya stesheni, ikaniambia kuna treni nyingine baada ya ile yenu. Nikalishika kovu langu. Nikamwita Mama kwa sauti. Nikasema majina ya vitu vyote vya Chiho, mkoba, kofia ya njano, kiatu cha mvua, vyote, nikifika mwisho naanza tena.

Na ghafla nyumba ikanyamaza. Tone moja lilikuwa limeanza, halikumalizika. Nikajua mmefunga fundo.

Nililala hapo hapo mkekani. Nilipoamka wali ulikuwa haujapikwa na ninyi mko mlangoni. Wewe ukapita moja kwa moja kwenda kulala, miguu imevimba. Chiho akabaki anavua viatu. Alivipanga vyake, halafu akachukua vyangu, akavigeuza ncha zitazame ndani ya nyumba. Anafanya hivyo kila siku tangu mwaka jana, na mgeni akivigeuza kwa adabu vitazame nje, anakwenda kuvirudisha.

Nikamuuliza, kana kwamba nauliza bei ya vitunguu, "Daktari kasemaje?"

"Anakusalimu sana," akasema. "Anasema mwakani tena."

Itsuko